Sura ya Sita: Kumi na Tatu Wasiojulikana

Mwaka 2006 matabibu wa Uingereza, wakiongozwa na David Cunningham wa hospitali ya Royal Marsden, walitangaza matokeo ya jaribio walilolipa jina la MAGIC, na habari yake ikaenea upesi, kwa kuwa ilikuwa habari ya kheri katika maradhi ambayo habari za kheri ni adimu. Walikuwa wameandikisha wagonjwa 503 wenye saratani ya tumbo au ya sehemu ya chini ya umio, wakawagawa kwa kura mafungu mawili: fungu moja likapasuliwa tu, na la pili likatiwa, kabla ya kisu na baada yake, dripu za dawa tatu, yaani epirubisini, sisplatini na fluorourasili. Miaka mitano ilipopita, katika kila watu mia wa fungu la kisu peke yake walikadiriwa kuwa hai 23, na katika kila mia wa fungu la dawa na kisu walikuwa hai 36. Tofauti ni watu 13, na kwa ajili ya hao 13 desturi ya tiba ikabadilika katika sehemu kubwa ya Ulaya.

Msomaji asiyekuwa tabibu na aitazame hesabu hii kwa utulivu, maana ndani yake mna jambo ambalo furaha ya siku ile ililifunika. Katika hao mia waliotiwa dawa, 64 walikufa ijapokuwa walizipokea. 23 yamkini wangaliishi hata kama wasingalionja tone lake, kwa kuwa kisu kilikwisha kuwatosha. Na waliobaki, 13, ndio tunaoweza kusema kwamba dawa imewapa uhai. Lakini hao kumi na tatu ni nani? Hapana aliyeweza kuwataja. Kichefuchefu, kunyonyoka nywele na kupungua kwa chembe nyeupe za damu havikuwachagua wao peke yao, na dawa zile zilikuwa nzito hata watu kama 42 tu katika mia ndio waliozimaliza duru zote sita. Tena hiyo 13 yenyewe ni baki tu. Haisemi kwamba wameokoka 13 na hapana aliyedhurika. Yasema kwamba waliookolewa wamewazidi waliodhuriwa kwa idadi hiyo. Kama dawa iliwaokoa 16 ikawafupishia umri 3, daftari lingeandika namba ileile. Ilipita miaka kumi na mmoja ndipo ikaanza kuonekana kwamba huenda daftari lile lilificha watu wa namna hiyo, na habari yao ndiyo kiini cha sura hii.

Wachunguzi wa maradhi haya wamekuwa kwa miongo mingi wakitafuta ndani ya uvimbe alama za kuwajulisha mapema ni nani atakayeitikia dawa na ni nani itakayempita bure. Alama hizo, ambazo aghalabu ni protini iliyozidi au iliyopunguka, jeni iliyokatika au iliyonyamazishwa, ama virusi vilivyojificha ndani ya seli, ni nyingi mno, na zilizo nyingi zimezaliwa katika majarida na kufia humo humo pasipo kumfaa mgonjwa hata mmoja. Sababu kubwa ya mauti yao ni kuchanganya mambo mawili yanayofanana sura. Iko alama inayobashiri maradhi, nayo hueleza mgonjwa atakwendaje, apewe dawa asipewe. Na iko alama inayobashiri dawa, nayo hueleza kama dawa fulani itamfaa huyu na haitamfaa yule. Ya kwanza humpa tabibu matumaini au huzuni, na ya pili humpa la kufanya.

Tuseme uvimbe wenye protini fulani hukua polepole kwa tabia yake. Wote walio nayo wataishi zaidi, watiwe dripu wasitiwe. Mchunguzi akiwakusanya waliotibiwa peke yao ataona wenye protini wameishi kuliko wasio nayo, naye atakata shauri kwamba protini ndiyo iliyoisaidia dawa kufanya kazi. Namba zake zote ni za kweli; kilichopungua ni watu wa namna ileile walioachwa bila ya dawa, ambao lau angaliwatazama angaliwakuta nao wameishi. Utafiti mwingi juu ya alama za saratani ya tumbo ulifanywa hivyo, kwa wagonjwa wachache wa hospitali moja waliotibiwa wote, na ndiyo maana nusu ya makala husema ndiyo na nusu husema hapana.

Tuanze na dawa kongwe. Fluorourasili ilitangazwa mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, nchini Marekani, baada ya kujulikana kwamba uvimbe wa ini la panya huifyonza urasili, ambayo ni mojawapo ya vijenzi vya RNA, kwa pupa kuliko nyama iliyo nzima. Heidelberger alifikiri kwamba, ikiwa seli ya saratani ina uroho wa kitu hiki, basi na ipewe kikiwa kimebadilishwa kidogo, atomu moja ya haidrojeni ikiondolewa na mahali pake ikatiwa florini. Seli hukipokea pasipo kushuku, nacho kikiisha kuingia hugeuka kuwa kitu kinachokibana kimeng'enya kiitwacho thimidilati sinthasi, ambacho bila ya kazi yake seli haiwezi kunakili DNA yake wala kugawanyika. Katika historia ya dawa za saratani, ambazo nyingi zilipatikana kwa kubahatisha, ni nadra kukuta moja iliyotangulia kufikiriwa akilini kwa uwazi wa namna hii.

Kwa kuwa dawa inajulikana inakogonga, ilikuwa rahisi kudhani kwamba alama yake nayo imekwisha kupatikana: uvimbe wenye kimeng'enya hicho kwa wingi utahitaji dawa nyingi, na kwa hiyo utakuwa sugu. Katika maabara ni kweli. Seli zikilishwa fluorourasili kwa muda mrefu huzidisha jeni ya kimeng'enya hicho, zikaendelea kuishi. Katika wagonjwa wa tumbo mambo hayakunyooka. Wengine walipima protini yenyewe kwa rangi chini ya hadubini, wengine wakapima ujumbe wa jeni, wengine wakatazama namna jeni ilivyorithiwa, na majibu yakapingana hata leo hapana tabibu anayeamua dawa ya tumbo kwa kipimo hicho. Dhana ikiwa nzuri mno huwachelewesha watu kuiacha.

Na wakati macho ya wengi yalikuwa yameelekezwa katika uvimbe, alama iliyo thabiti kuliko zote katika habari ya fluorourasili ilikuwa imekaa penginepo, katika ini. Humo mna kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi DPD, nacho huvunja zaidi ya asilimia 80 ya dawa inayoingia mwilini kabla haijafanya lolote. Mwenye upungufu wake akipewa kipimo cha kawaida ni sawa na kupewa kipimo kikubwa mara nyingi: kinywa hujaa vidonda, kuhara hakukatiki, chembe nyeupe za damu hutoweka, na wapo wanaokufa kwa duru ya kwanza. Ushahidi wa kutisha kuliko wote ulitokea Japani mwaka 1993, ilipoanza kuuzwa dawa mpya ya mkanda wa jeshi iitwayo sorivudini. Wagonjwa wa saratani hushikwa na mkanda wa jeshi mara kwa mara, kinga yao ikiisha kudhoofika, na wengi wa Kijapani walikuwa wakimeza vidonge vya jamii ya fluorourasili. Bakteria wa matumboni waliigeuza sorivudini kuwa kitu kingine, na kitu hicho kikakishika kimeng'enya cha DPD kisikiachilie tena. Katika muda wa siku kama arobaini wagonjwa 15 waliokuwa wakizitumia dawa hizo mbili pamoja walifariki dunia, wala uvimbe wao haukuwa na habari yoyote katika mauti hayo.

La kustaajabisha ni kwamba katika nchi ileile Tetsuhiko Shirasaka na wenzake walikuwa wakiunda dawa inayokizuia kimeng'enya kilekile kwa makusudi. Katika kidonge chao, kiitwacho S-1, walitia vitu vitatu: kimoja hugeuka kuwa fluorourasili ndani ya mwili, cha pili huzuia DPD isiivunje, na cha tatu hulinda utumbo usiunguzwe, na kiasi cha kile cha kwanza kilipimwa tangu mwanzo kwa kujua kwamba ini halitakivunja. Mwaka 1999 kiliruhusiwa Japani kwa saratani ya tumbo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2007, lenye wagonjwa 1,059 waliokwisha kupasuliwa, waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa 80 katika mia kwa waliomeza S-1 na 70 kwa wasiomeza. Dawa hiyo ilipopelekwa Ulaya ilibidi kipimo kishushwe, kwa kuwa miili ya Wazungu huigeuza upesi zaidi, na kipimo cha Mjapani kiliwazidi. Jambo hili la damu za watu kutofautiana litatukuta tena mbele.

Habari ya dawa ya pili, ile ya platini, nitaipitia kwa haraka, ijapokuwa mwanzo wake ni mzuri kuusimulia. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Michigan alitangaza kwamba, alipopitisha umeme katika maji yenye bakteria, waliacha kugawanyika wakawa warefu kama nyuzi. Na baada ya kuchunguza sana akatambua kuwa umeme haukuwa na kosa, bali vijiti vya platini alivyovitumia vilikuwa vikiyeyuka kidogo kidogo. Ndipo ikapatikana sisplatini, ambayo huzifunga nyuzi za DNA zisitengane. Seli hujaribu kukikata kifungo hicho na kupaziba mahali pake, na katika protini za kazi hiyo imo moja iitwayo ERCC1. Basi ikafikiriwa kwamba uvimbe usio na ERCC1 utaangamia kwa platini, na ulio nayo utapona. Mwaka 2006 kikundi kilichoongozwa na Wafaransa kilionyesha hivyo katika saratani ya mapafu, tena kwa utaratibu uliokamilika, wakiwemo wagonjwa wasiotiwa dawa. Mwaka 2013 kikundi hichohicho kikarudi, kikasema kwamba matokeo yale hayakurudiwa: protini hiyo ina sura nne, na moja tu katika hizo ndiyo inayofanya kazi, na dawa ya kupakia rangi maabarani haikuweza kuzibagua, na nyama zilezile za zamani zilipopakwa upya zilitoa majibu mengine. Katika tumbo nako ERCC1 imewapa watu majibu yasiyopatana. Kwa maoni yangu makala ile ya 2013 yafaa isomwe na kila mwanafunzi wa tiba kabla ya makala kumi za ushindi, maana ni wachache wanaorudi kubomoa nyumba waliyoijenga wenyewe.

Sasa tuwarudie wagonjwa wa MAGIC. Vipande vya nyama vilivyotolewa katika miili yao vilikuwa vimehifadhiwa katika nta, na mwaka 2017 Elizabeth Smyth na wenzake walitangaza walichokikuta walipovifungua tena wakitafuta alama moja tu. Seli inaponakili vinasaba vyake hukosea, na zipo protini ambazo hupita nyuma na kusahihisha, nne katika hizo zikiwa MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Ikikosekana mojawapo, makosa hurundikana, hasa mahali ambapo herufi za vinasaba hujirudiarudia, panapoitwa maikrosateliti, na uvimbe wa namna hiyo huwa na mabadiliko kwa mamia au maelfu. Katika saratani ya tumbo hali hii haitokani sana na urithi. Mara nyingi jeni ya MLH1 imenyamazishwa tu kwa kupita miaka, na ndiyo maana huonekana zaidi kwa wazee, kwa wanawake, na katika sehemu ya chini ya tumbo.

Waliokuwa na alama hii katika MAGIC walikuwa wachache, hawazidi thelathini katika waliopimwa, lakini mwendo wao ulikuwa wa ajabu. Miongoni mwa waliopasuliwa tu, wenye alama waliishi kuliko wengine wote, hata muda ambao nusu yao wangekuwa wamekufa ulikuwa bado haujafika, ilhali kwa wasio na alama muda huo ulikuwa miezi 20 na nusu. Miongoni mwa waliotiwa dawa mambo yalipinduka: wasio na alama walifikia miezi 19 na nusu, na wenye alama miezi tisa na siku kadhaa. Watu ambao maradhi yao yalikuwa mepesi kuliko ya wenzao ndio waliokufa mapema walipotibiwa.

Namba ndogo namna hii hazifai kuaminiwa peke yake, na watafiti wenyewe walilisema hilo. Mwaka 2019 Filippo Pietrantonio wa Milan na wenzake wakakusanya pamoja majaribio manne, ya Uingereza, ya Italia na ya Asia ya Mashariki, wakapata wagonjwa 1,556, na wenye alama walikuwa 121. Kwa wasio na alama, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa 62 katika mia kwa waliopewa dawa na kisu, na 53 kwa kisu tu. Hapo faida ya dawa yaonekana wazi. Kwa wenye alama walikuwa 75 kwa dawa na kisu, na 83 kwa kisu tu. Wenye insafu hawatasema kwamba madhara yamethibitishwa, kwa kuwa watu 121 ni wachache. Watasema kwamba faida haikuonekana.

Naomba msomaji azitazame tena namba hizo nne, kisha azifute kwa mkono mbili za waliopasuliwa tu. Kutabaki 75 na 62. Mtafiti mwenye hizo mbili peke yake, na watafiti wengi hawakuwa na zaidi ya hizo, angeandika kwa furaha kwamba wenye alama ndio wanaoitikia dawa kuliko wengine, na huenda tabibu mwenye kumsadiki angewaongezea duru. Zikirudishwa mbili zilizofutwa, maana yote hugeuka. Ndiyo sababu nimeshikilia tangu mwanzo tofauti ya alama inayobashiri maradhi na alama inayobashiri dawa, na kama iko sehemu moja ya sura hii ambayo ningependa isomwe mara mbili, ni hii.

Kwa nini wawe hivyo? Sababu mbili hutajwa. Ya kwanza ni kwamba protini za kusahihisha zenyewe hushiriki katika kuiua seli: zinapoikuta fluorourasili imepachikwa katika DNA hupiga mbiu, na seli ikishindwa kujirekebisha hujiua, lakini pasipokuwa na wa kupiga mbiu seli huendelea kama kwamba hapana lililotokea. Ya pili ni kwamba uvimbe wenye makosa mengi hutoa protini ngeni nyingi, na askari wa kinga huukusanyikia. Basi dawa inayoua chembe za damu huenda ikawaua askari waliokuwa tayari wanaifanya kazi. Mjadala haujafungwa, kwa kuwa mseto mpya wa Kijerumani uitwao FLOT, wenye dosetakseli ndani yake, umeonekana kuyeyusha baadhi ya uvimbe wa aina hii. Lakini sababu ile ya pili imepata ushahidi wenye nguvu kutoka upande mwingine. Huko Ufaransa wagonjwa 32 wenye alama hii, ambao uvimbe wao wa tumbo au wa maungio ya tumbo na umio ungali unaweza kukatwa, hawakupewa dripu za kemikali kabla ya kisu, bali dawa mbili za kuiamsha kinga, nivolumabu na ipilimumabu. Waliopasuliwa walikuwa 29, na kwa 17 kati yao, kama ilivyotangazwa mwaka 2022, haikuonekana seli hata moja ya saratani iliyo hai katika nyama iliyotolewa.

Iko aina nyingine ya uvimbe inayoamsha kinga, na hii asili yake inatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliyeuchunguza uvimbe wa mataya ya watoto wa Kiafrika, alitoa hotuba juu yake katika hospitali moja ya London mwezi Machi mwaka 1961, na katika wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Wakapatana, na vipande vya nyama vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu hakikuonekana kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu usishuke mzigo London, ukashuka Manchester. Kipande kilipofika kwa kuchelewa, maji yake yalikuwa yametibuka, na watu wakadhani kimeoza, kumbe ukungu ule wa majini ulikuwa ni seli hai zilizojitenga. Katika seli za namna hiyo ndimo Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walimoviona virusi vilivyotangazwa mwaka 1964 na kupewa jina la Epstein-Barr.

Miongo mitatu baadaye ilibainika kwamba virusi hivyohivyo vimo katika sehemu ya saratani za tumbo, na mradi mkubwa wa Marekani wa kusoma vinasaba vya saratani ulipochambua uvimbe 295 wa tumbo, mwaka 2014, ulizigawa saratani hizo katika makabila manne, na la wenye virusi vya Epstein-Barr lilikuwa asilimia 9. Uvimbe huu mara nyingi huwa na protini za kuizima kinga kwa wingi, maana yake ni kwamba umekuwa vitani nayo. Mwaka 2018 watafiti wa Seoul walitoa habari ya wagonjwa 61 wa maradhi yaliyokwisha kuenea, waliopewa pembrolizumabu, nayo ni dawa ya kuiamsha kinga: wenye virusi walikuwa sita, na wote sita uvimbe ulinywea. Watu sita ni watu sita, na majaribio ya mahali pengine hayakuufikia ukamilifu huo. Hata hivyo ni ajabu kwamba kirusi kilichotoka Mulago katika shavu la mtoto kimegeuka kuwa alama ya kumchagulia dawa mzee wa Korea.

Juu ya protini iitwayo HER2 sitasema mengi, kwa kuwa imeandikwa sana katika vitabu vya saratani ya matiti. Katika tumbo imo kwa mmoja katika watano hivi, na jaribio la mwaka 2010 lililoongozwa na Yung-Jue Bang lilionyesha kwamba kwa walio nayo, kingamwili inayoishika, trastuzumabu, ikiongezwa juu ya kemikali, muda wa kuishi husogea kutoka miezi 11.1 hadi 13.8. La kujifunza hapa ni ukaidi wa tumbo lenyewe. Uvimbe mmoja unaweza kuwa na HER2 upande huu na kuikosa upande wa pili, kwa hiyo anayepiga kamera ya tumbo akichukua kinyama kimoja anaweza kupata jibu la uongo kutoka katika uvimbe wa kweli, na wataalamu hutaka vichukuliwe vinyama sita hadi vinane. Tena kwa karibu theluthi ya wagonjwa alama hiyo hutoweka baada ya dawa kufanya kazi kwa muda, kwa kuwa seli zilizokuwa nayo zimekufa na zisizokuwa nayo zimeshika nchi. Kinyama cha mwaka juzi hakimsemei mgonjwa wa leo.

Alama iliyo mpya kuliko hizi ni klaudini 18.2. Klaudini ni protini zinazoziba mapengo baina ya seli na seli, kama kalafati baina ya mbao za jahazi, ili tindikali ya tumbo isipenye. Na aina hii ya 18.2 hukaa katika tumbo karibu peke yake. Katika tumbo zima imefichika baina ya seli, lakini mpangilio ukivurugwa na saratani hujitokeza nje, na hapo kingamwili iitwayo zolbetuksimabu hupata pa kuishika. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2023 walionekana kuwa nayo kwa wingi wa kutosha watu kama 38 katika mia waliopimwa, na dawa iliwaongezea miezi kama miwili hadi mitatu juu ya kemikali. Hutapisha sana, na sababu yake haihitaji kutafutwa mbali: tumbo lililo zima nalo linayo klaudini hiyohiyo.

Wajerumani wa Munich walijaribu njia ya mkato, nayo ni kuacha kubashiri na kutazama. Walipima sukari inayofyonzwa na uvimbe wa mahali umio unapokutana na tumbo, kwa picha za PET, kabla ya dawa na siku ya kumi na nne, na sukari isipopungua kwa asilimia 35 walikatiza dawa wakampeleka mgonjwa kwenye kisu. Karibu nusu walijulikana hivyo, nao hawakupoteza miezi ya bure. Ila uvimbe wa aina ya kusambaa, ambao seli zake hutawanyika moja moja katika ukuta wa tumbo, aghalabu haufyonzi sukari ya kutosha kuonekana, na huo ndio ulio mbaya zaidi.

Je, katika pwani na bara letu vipimo hivi vina nafasi gani? Wagonjwa wengi hufika wamechelewa, baada ya kutibiwa vidonda vya tumbo kwa dawa za dukani mwaka mzima kabla ya mtu yeyote kuwapiga kamera, na kwa aliyefika hivyo swali la nani anufaike na dawa kabla ya kisu limekwisha kupitwa na wakati. Lakini kwa wanaowahi, si vipimo vyote vilivyo vya anasa. Protini nne za kusahihisha hutafutwa kwa kupaka rangi kipande kilekile cha nyama kilichokwisha kutiwa katika nta kwa ajili ya kuthibitisha saratani. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya kusoma vinasaba, bali kemikali za rangi, fundi aliyezoea na mtaalamu wa hadubini. Nikiambiwa nichague alama moja ya kuanza nayo katika maabara yenye fedha chache, ningeichagua hii, si kwa kuwa wenye nayo ni wengi, bali kwa kuwa jibu lake linaweza kumwondolea mtu dripu asizozihitaji.

Na iko habari ya DPD, ambayo kwetu ina mtego wake. Mwaka 2020 wakala wa dawa wa Ulaya ulipendekeza kwamba wagonjwa wapimwe upungufu wa kimeng'enya hicho kabla ya kuanza fluorourasili, na njia iliyoenea ni kutafuta mabadiliko manne ya jeni yake. Mabadiliko hayo manne yalichaguliwa kwa kuwa ndiyo yaonekanayo kwa Wazungu. Kwa watu wa asili ya Kiafrika lipo badiliko jingine, liitwalo Y186C, ambalo hukipunguzia kimeng'enya nguvu na huonekana kwa watu kadhaa katika kila mia, ilhali kwa Wazungu ni kama halipo. Nalo katika ile orodha ya manne halimo, ijapokuwa baadhi ya maabara zimeanza kuliongeza. Kwa hiyo mgonjwa wa Mombasa au wa Mwanza ambaye damu yake imepelekwa ng'ambo na kurudi na cheti kisemacho kwamba hana tatizo, huenda amepimwa tatizo la watu wengine. Tabibu wake na aulize kwanza ni mabadiliko gani yaliyotafutwa. Na mgonjwa akishaanza dawa, kuhara kukali au vidonda vya kinywa vikitokea katika siku za mwanzo za duru ya kwanza, tabibu asivihesabu kuwa ni ada ya dawa, bali aisimamishe siku ileile na kupima chembe za damu.